Na Mgongoni Je?

Mchoro wa kwanza niliowahi kumpelekea fundi cherehani ulikaa mezani kwake dakika tatu hivi. Alikuwa mama wa makamo, na kibanda chake kipo Mabatini hadi leo. Aliutazama, akaugeuza akakuta nyuma ni karatasi tupu, akaurudisha mbele. Kisha akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, umechora vizuri. Na mgongoni je?"

Sikuwa na jibu. Gauni lile nilikuwa nimekaa nalo siku nne, nikilipaka rangi za maji mkono juu ya mkono, hadi shanga za shingoni nilizihesabu. Lilikuwa vazi la mke wa mtemi, na mwigizaji alitakiwa alivue nyuma ya pazia na kurudi jukwaani amejifunga kaniki ya msiba kabla wimbo haujaisha. Mchoro wangu haukusema gauni linafungukia wapi, wala kama ni zipu, vifungo au kamba. Haukusema kama kilemba kimeshonwa kabisa kikawa kama kofia, au kinafungwa upya kila usiku. Nilikuwa nimemletea picha ya mwanamke aliyesimama, naye alikuwa anasubiri maagizo ya kazi.

Imepita miaka 11. Tangu hapo nimebuni maleba, yaani mavazi ya waigizaji, na mandhari ya jukwaa kwa kwaya zinazoigiza, kwa shule, na kwa vikundi vya hapa Mwanza vinavyocheza kwa kiingilio. Nimechora kwa penseli, kwa rangi za maji, kwa kalamu za rangi, na miaka sita ya mwisho kwa kompyuta na kishikwambi pia. Vijana wanaotaka kazi hii huniuliza swali lilelile: dada, nijifunze kuchora kwa mkono au niende moja kwa moja kwenye kompyuta? Nimeshindwa kuwajibu tukiwa tumesimama barabarani, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kuchora nilifundishwa na mjomba. Yeye alipaka rangi mitumbwi na mabango ya vinyozi, na kazi zake nyingi zilikuwa Kirumba, karibu na mwalo wa samaki. Alitembea na daftari la hesabu, lile la vijumba. Akiombwa kuchora sangara kwenye ubao wa duka, humchora kwanza daftarini, mdogo kama kidole. Halafu huchukua uzi, akaupaka unga wa chaki, mimi nikashika ncha moja na yeye nyingine, akauvuta katikati na kuuachia, pa! Mstari ulionyooka unabaki ubaoni. Tukipiga mistari ya kwenda na ya kushuka, ubao mzima unakuwa vijumba kama daftari. Baada ya hapo ni kuhamisha tu: kilichomo kwenye kijumba hiki kidogo kinaingia kwenye kijumba kile kikubwa. Sangara wa kidole anakuwa sangara wa mita mbili, na mkia wake hauendi kombo.

Nilipopewa pazia la nyuma la jukwaa kwa mara ya kwanza, nilikuta kazi ninaijua. Kipimo tunachotumia ni 1:25, maana yake sentimita 1 ya karatasi ni sentimita 25 za jukwaa. Pazia letu lina upana wa mita 7.5 na kimo cha mita 4, kwa hiyo kwenye karatasi linakaa sentimita 30 kwa 16. Nikigawa karatasi kwa vijumba vya sentimita 2, kila kijumba kwenye kitambaa ni nusu mita. Hivyo ni vijumba 120. Vijana sita, kila mmoja vijumba 20, na hata asiyejua kuchora anaweza kufuata mstari ndani ya nusu mita yake. Kitambaa chenyewe ni amerikani, na kabla ya rangi tunakipaka uji mwembamba wa unga wa muhogo ili kisinywe rangi yote. (Ukishamaliza onyesho usikikunje na kukiacha stoo. Panya na mende wanaupenda uji huo. Pazia langu la pili liliisha hivyo.)

Miaka kadhaa baadaye niliona kwenye intaneti michoro ya Inigo Jones, Mwingereza aliyebuni maleba na mandhari ya michezo ya ikulu kule London kuanzia mwaka 1605. Mamia ya michoro yake yamehifadhiwa katika jumba la Chatsworth. Baadhi imepigwa miraba ya kukuzia, na mingine ina matone ya rangi za wapaka mapazia. Niliyatazama yale matone muda mrefu kuliko nilivyoitazama michoro yenyewe. Mtu aliyemfanyia kazi mfalme, miaka 400 iliyopita, alipiga miraba kama mjomba wangu wa Kirumba, na karatasi zake zilikuwa katikati ya karakana, watu wakichovya brashi juu yake. Kuanzia siku ile niliacha kuwakataza mafundi wasiguse michoro yangu.

Lakini mkono una somo jingine ambalo sikulipata kwa mjomba. Nililipata Bujora.

Tulikuwa na igizo lenye ngoma ya bugobogobo ndani yake, ile ya majembe, na nilitaka maleba yasiwe ya kubahatisha. Bujora iko Kisesa, nje kidogo ya jiji kwa barabara ya Musoma, na pale ndipo yalipo makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Safari ya kwanza nilikwenda na simu, nikapiga picha zaidi ya 80. Nilipofika nyumbani na kukaa kuchora, sikujua lolote. Picha zilikuwa safi, kila kitu kinaonekana, lakini sikuweza kusema kamba hii inapita juu ya ile au chini yake, wala ngozi hii imeshikwa na nini. Macho yangu hayakuwa yamefanya kazi. Nilikuwa nimeiachia simu ione kwa niaba yangu.

Safari ya pili nilichukua penseli na karatasi, nikakaa mbele ya kitu kimoja saa tatu nzima. Mzee mmoja aliyekuwa pale alikuja akasimama nyuma yangu. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba, mayu," akajibu, akaendelea kutazama. Baadaye akaweka kidole karibu na karatasi. "Huu mkanda umeuchora unaelea. Umefungwa wapi?" Halafu, bila kusubiri jibu langu, akashika mkanda wake mwenyewe wa suruali, akaupandisha juu ya nyonga, akainama kama mtu anayelima na kuinuka tena. "Ukiufunga chini, ukiinama unashuka. Mchezaji anainama usiku kucha." Nikafuta, nikachora upya.

Swali lake na la fundi wa Mabatini ni lilelile, na ninaamini swali hilo huwezi kujiuliza mwenyewe mpaka penseli iwe inatembea polepole. Ukichora kwa mkono, kila mahali unapofika na hujui kinachoendelea, mstari unasimama. Pale mstari unaposimama ndipo unapotakiwa kwenda kuuliza.

Kwa ngoma ile nilianza kuchora kila vazi mara tatu: mtu akiwa amesimama, akiwa ameinama na jembe, na akiwa amegeuka. Mrusi Léon Bakst, aliyebuni maleba ya wacheza dansi wa Urusi waliotikisa Paris kuanzia mwaka 1909, aliwachora watu wake wakiwa katikati ya mzunguko, kitambaa kikiwa hewani. Zamani nilidhani ni madoido ya mchoraji. Kumbe mwili ukiwa kwenye mwendo unaonyesha vazi linavutwa wapi. Mchezaji wetu wa bugobogobo anarusha jembe juu na kulidaka. Shati la kawaida likivutwa hivyo linapasuka kwapani usiku wa kwanza. Baada ya kumchora mikono ikiwa juu, nilijua nimwambie fundi aweke kipande cha pembe nne chini ya kila kwapa. Hakuna lililopasuka.

Kuna jambo la miili linaloniuma hadi leo, na nitalisema. Miaka ya mwanzo nilijifunza kutoka kwenye vitabu vya mitindo vya nje, na humo mtu huchorwa mrefu kupita kiasi, urefu wa vichwa vyake tisa kutoka unyayoni hadi utosini, wakati watu wa kweli wengi hawafiki hata vichwa vinane. Nikawachora waigizaji wetu hivyo, wembamba, shingo ndefu. Mama mmoja aliyeigiza kama mama mkwe, mwili wake mkubwa na sauti kubwa, aliuangalia mchoro wa vazi lake mbele ya wenzake. "Mwanangu," akasema, "huyu uliyemchora atakuja lini? Maana mimi ndiye niliyepo." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nilikuwa nimemwambia, bila kufungua mdomo, kwamba vazi langu lingependeza zaidi angekuwa mtu mwingine. Siku hizi naanza na vipimo na picha ya mwigizaji mwenyewe, namchora jinsi alivyo, na vazi nalibuni juu ya mwili huo.

Na rangi ya ngozi. Mafunzo mengi ya rangi za maji yanakufundisha kupaka ngozi kwa waridi hafifu, kisha unaongeza kivuli kidogo. Ukitaka mtu mweusi wanakuelekeza uongeze nyeusi, na unapata sura ya majivu, ya mtu mgonjwa. Nilihangaika sana hadi nilipoacha kabisa kutumia nyeusi na kuchanganya kahawia yenye wekundu na bluu nzito. Ukizidisha kahawia ngozi inapata joto, ukizidisha bluu inakuwa nyeusi yenye uhai, na ule mng'ao wa shavuni unauacha, karatasi yenyewe inang'aa kutoka chini. Hili si suala la picha kupendeza tu. Njano ya haradali pembeni ya waridi hafifu inaonekana chafu, na pembeni ya ngozi zetu inawaka. Ukichagua rangi ya nguo huku umechora ngozi isiyo ya mwigizaji wako, umechagua rangi ya mtu mwingine.

Kompyuta iliingia maishani mwangu kwa njia ya Krita, programu ya kuchora inayopatikana bure, kwenye laptopu ya zamani niliyoazimwa. Sitaki mtu yeyote adhani naidharau. Mwezi wa kwanza nilikuwa silali. Igizo lilikuwa na watu 14, na kwa mara ya kwanza niliweza kuwapanga wote 14 kwenye ukurasa mmoja, kama watakavyosimama jukwaani, nikaona papo hapo kwamba wanawake watatu wamevaa nyekundu na watameza macho ya watazamaji wakati mhusika mkuu anazungumza. Kwa rangi za maji ningegundua hilo siku ya mazoezi ya mwisho. Kila kitu kiko kwenye leya yake, yaani tabaka lake, ngozi peke yake, gauni peke yake, kivuli peke yake. Mwongozaji akisema "Hebu tuone huyo akiwa na bluu," anaona bluu kabla hajamaliza chai. Na mwigizaji aliyeko Ukerewe, ambaye atavuka na meli wiki ya mwisho tu, anatumiwa mchoro kwenye simu na kupimwa na fundi wa hukohuko.

Kilichonishika zaidi ni vitambaa vyenye maua. Kwa brashi nilikuwa nachora maua ya kitenge kwa kukisia, madogomadogo, yanapendeza. Jukwaani, kuanzia safu ya kumi, yalikuwa vumbi. Sasa nakwenda dukani, naomba kupiga picha kitenge chenyewe rula ikiwa pembeni, kisha nakiingiza kwenye mchoro kwa kipimo chake. Mwigizaji wa sentimita 160 nimemchora kwa sentimita 32, yaani 1:5. Ua la sentimita 40 linakuwa sentimita 8. Ghafla unaona kwamba ua hilo litakaa tumboni kama sahani, au litakatwa na mshono wa kiunoni. Kwa khanga ndiyo zaidi, maana khanga ina pindo, ina mji na ina jina, na kila kimoja kina mahali pake.

Katika igizo moja la mke wa mvuvi nilitaka khanga iseme badala yake. Jina lilikuwa "Usisafirie nyota ya mwenzio." Nililiweka kwenye mchoro kwa kipimo, nikalizungusha mwilini, nikaona kwamba tukilifunga kwa kawaida maandishi yanaingia kwenye mkunjo wa kwapa na hakuna atakayesoma. Tukashusha upande mmoja kwa sentimita 10. Mwanamke yule, akiwa amenyamazishwa na wifi zake, aligeuka taratibu kuelekea ziwani, na ukumbi mzima ukasoma mgongo wake. Nilisikia watu wakitamka maneno yale gizani. Nilimtafuta kwa macho fundi wangu wa Mabatini, alikuwa amekaa safu ya nne.

Sasa niseme makosa, maana yaligharimu fedha za watu.

La kwanza lilikuwa kijani. Tulikuwa na wachezaji sita waliocheza kama magugumaji, yale yaliyotanda ziwani na kuziba mialo, na nilitaka kijani kibichi kabisa, chenye mng'ao, na zambarau ya maua yake pembezoni. Kwenye kioo cha kishikwambi nilikipata. Kilikuwa kijani cha kupendeza mno. Nikamtumia mnunuzi wetu kwa simu, naye akaenda nayo kwenye maduka ya Makoroboi, akanunua mita 36 za kitambaa kinachofanana na alichokiona. Kitambaa kilipofika kilikuwa na umanjano, kama bamia iliyokaa siku tatu. Nilikasirika, nikamlaumu. Tukaweka simu yake na kishikwambi changu pamoja mezani. Mchoro mmoja, kijani viwili. Simu yake ilikuwa kwenye mwanga wa usiku, ule unaopunguza bluu ili macho yasichoke. Alikuwa amenunua sawasawa na alichotumiwa. Ilibidi nimwombe radhi.

Nikakimbilia kuprinti ili nimpe mtu karatasi mkononi, na pale stesheneri kijani kikatoka cha tatu, kimefifia. Hapo ndipo nilipolielewa jambo hili. Kioo kinatoa mwanga wake chenyewe, kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu. Printa inamwaga wino wa samawati, wa waridi iliyokolea, wa njano na mweusi juu ya karatasi, na karatasi inarudisha tu mwanga wa chumbani. Ziko rangi ambazo kioo kinaweza na wino hauwezi. Kitambaa nacho kina sheria zake. Kwa hiyo sasa hakuna mchoro wangu unaotoka bila kipande cha kitambaa halisi, upana wa vidole vitatu, kimebanwa kwa pini pembeni. Rangi ni ile ya kipande. Kama kipande hakijapatikana, naandika kwenye mchoro kwa herufi kubwa: RANGI BADO.

La pili lilikuwa mwamba. Kwetu hapa huwezi kucheza igizo la ziwani bila mawe, watu wa Mwanza wanayajua mawe yao kama wanavyojua majirani, na Jiwe la Bismarck lipo kwenye kila kalenda. Nilitengeneza jukwaa zima kwenye programu ya kuchora maumbo ya pande zote, mwamba wa mita 3.5 umeegemea mwingine, jua la saa kumi na moja likiupiga upande mmoja. Picha ilitoka kana kwamba imepigwa kwa kamera. Mwongozaji alipoiona hakuuliza swali hata moja. Akaionyesha kwa waliokuwa wanatuchangia, nao wakaifurahia, na kuanzia hapo tulikuwa tumeahidi mwamba ule.

Fundi seremala ndiye aliyetuokoa. Aliniomba nimtengenezee "kile kijumba chako cha makaratasi," yaani modeli ya boksi gumu ya 1:25 ambayo mara hiyo niliona haina haja. Nikaikata usiku mmoja kwa wembe na gundi. Akainama, akachungulia kutoka mlangoni kwa jicho moja. "Dada, hili jiwe limepitaje hapa?" Mlango wa pembeni wa ukumbi ule una upana wa sentimita 90. Kisha akaweka kidole juu. "Na feni?" Feni za dari zilikuwa zinaning'inia mita 3.2 kutoka jukwaani. Kwenye kompyuta sikuchora dari kabisa, na kamera niliyoiweka mle ilikuwa imesogezwa nyuma ya ukuta ili jukwaa lionekane pana, mahali ambapo hakuna mtazamaji anayeweza kukaa.

Tuliujenga mwamba wa mita 2.6, kwa vipande vitatu vinavyounganishwa kwa komeo, fremu ya mbao za mbili kwa mbili, wavu wa kuku juu yake, na juu ya wavu karatasi za mifuko ya saruji zilizolowekwa kwenye gundi ya unga wa ngano. Ulikuwa mwamba mzuri. Lakini waliotuchangia walikuwa wameshaonyeshwa mwingine, na mmoja aliuliza wazi kama fedha zimeliwa.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Mchoro wa penseli unaonyesha wenyewe kwamba bado haujamalizika, na mtu anayeutazama anajisikia huru kuuliza na hata kuukosoa. Picha iliyong'arishwa inawafunga watu midomo. Mwongozaji wangu si mtu wa kunyamaza, lakini mbele ya picha ile alinyamaza, kwa sababu ilionekana kama jambo limeshatokea. Siku hizi mkutano wa kwanza naenda na penseli tu, hata kama usiku uliopita nilichora kwenye kishikwambi. Picha yenye mwanga na vivuli inatoka baada ya seremala, fundi cherehani na mtu wa taa kupitisha vidole vyao juu ya kila kona.

Mtu wa taa nisimsahau. Kaniki nzuri kabisa, nyeusi yenye ubluu, chini ya taa ya bluu inapotea, mwigizaji anabaki kichwa na mikono. Kijani chini ya taa nyekundu kinakuwa kama cheusi. Hili kompyuta inalionyesha vizuri kuliko brashi: naweka leya ya rangi ya taa juu ya mchoro mzima, naiamuru izidishe rangi ya juu kwa ya chini, na nguo zinazokufa zinaonekana zikifa. Si sahihi kwa asilimia mia, taa zetu zina tabia zao, lakini imeshaniokoa mara mbili. Baada ya hapo napeleka kile kipande cha kitambaa ukumbini, nakiweka chini ya taa yenyewe.

Mawe bado nayachora kwa rangi za maji. Unalowesha karatasi, unamwaga kijivu chenye kahawia, na kabla haijakauka unanyunyizia chumvi ya jikoni. Kila punje inanyonya rangi na kuacha doa jeupe lenye miguu, kama ukoga kwenye mawe ya Capri Point. Ikikauka unaipangusa, unaipiga picha, unaiingiza kwenye kompyuta na kuitumia popote. Nimejaribu brashi za kidijitali zinazoitwa za mawe. Zinarudia alama ileile kila sentimita chache, na ukiikuza hadi mita saba watu wanaiona.

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi wangu michoro sita ya igizo jipya, imeprintiwa, vipande vya vitambaa vikiwa vimebanwa, mbele na nyuma. Mmoja niliuprinti usiku umeme ukitishia kukatika, na ukurasa wa mgongo haukutoka. Sikugundua. Juzi nilipokwenda kuangalia kazi, nikaukuta mchoro ule umebandikwa ukutani juu ya cherehani, una mafuta ya mashine kwenye pembe na matundu ya pini kila mahali. Pembeni yake alikuwa amebandika karatasi ya kaki ya kukatia, na juu yake, kwa chaki ya kushonea, amechora mgongo mwenyewe: mabega mapana ya mwigizaji yule hasa, mstari wa katikati, na kamba zinazopishana mara nne kutoka shingoni hadi kiunoni. Chini ameandika, "Kamba, zipu itakatika akiinama."

Nikaipiga picha. Usiku nikaiingiza kwenye faili la igizo, leya ya juu kabisa, bila kugusa mstari hata mmoja.